Mboya, Thomas Joseph Odhiambo (1930–1969)

Kiongozi wa wafanyakazi na waziri wa Kenya, aliyezaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, Leonard Ndiege, Mjaluo wa asili ya kisiwa cha Rusinga, alifanya kazi kwa ujira duni. Ufukara huo ulimfuata hadi darasani, kwani baada ya kupita Kabaa na Yala, na kufika Mang'u, ilimlazimu kuacha masomo kabla ya kuhitimu, kwa kuwa baba hakumudu karo yake pamoja na ya wadogo zake.

Akajifunza kazi ya bwana afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na halmashauri ya Nairobi. Mwenyewe alisimulia jinsi bibi mmoja wa Kizungu alivyoingia maabarani na chupa ya maziwa ya kupimwa, akamtazama, kisha akauliza kama hapana mtu mle ndani. Naye, kwa adabu, akamwuliza iwapo macho yake yana hitilafu. Mshahara wake ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule wa Mzungu wa kazi ile ile, na dhuluma hiyo ndiyo iliyomtia katika vyama vya wafanyakazi, hata mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho lao. Makuli wa Mombasa walipogoma mwaka 1955, aliteremka pwani akawasihi warejee kazini wakingoja uamuzi wa baraza la usuluhishi, nao ukawaongezea ujira takriban thuluthi moja.

Baada ya kusoma Oxford aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, kisha akawa waziri, wadhifa aliokuwa nao hata alipouawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969.

Katika amali zake zote, iliyo adhimu kupita nyingine ni safari za wanafunzi. Yeye aliyetolewa darasani na karo alizunguka Marekani mwaka 1959 akiomba nafasi za vyuo na auni ya nauli, na mwezi wa Septemba ndege ikaondoka Nairobi na vijana 81. Mwaka uliofuata alisafiri Wangari Maathai, aliyetunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Wengi wa wanafunzi hao walirejea wakashika ofisi ambazo wakoloni walikuwa wakiziacha.