Uokoaji wa Uhai Siku ya Sabato

Uokoaji wa uhai siku ya Sabato ni suala la sheria ya dini ya Kiyahudi linalohusu wajibu wa kuvunja mapumziko ya siku hiyo pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Kanuni yake huitwa kwa Kiebrania *pikuach nefesh*. Inamhusu mgonjwa, mama anayejifungua na mtu anayezama, lakini mfano wake mkuu tangu kale ni wa maafa: jengo limeporomoka na huenda kuna mtu chini ya kifusi. Sabato huanza Ijumaa jua linapotua na kwisha Jumamosi usiku. Katika muda huo ni marufuku kuwasha moto, kuchimba, kuandika au kubeba mzigo hadharani. Wayahudi wa Kiorthodoksi wa leo hawaendeshi gari wala hawagusi simu. Kwa ufupi, karibu kila kazi ya mwokoaji imekatazwa.

Ruhusa haikuwa wazi tangu mwanzo. Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo kinasimulia kwamba, karibu mwaka 167 K.K., Wayahudi waliojificha mapangoni walishambuliwa siku ya Sabato, wakakataa kupigana, wakauawa watu wapatao 1,000. Matathia, aliyeongoza uasi wa Wayahudi, na wenzake wakaamua kwamba kuanzia hapo wangejitetea hata siku hiyo. Jamii iliyoacha hati za Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, ilishika njia kali zaidi. Sheria zake zilikataza kumtoa mtu aliyetumbukia majini kwa ngazi, kamba au chombo chochote. Hati yao nyingine inaruhusu arushiwe vazi la mwokoaji avutwe nalo, basi. Msomaji wa Injili aliyezoea kuwahesabu Mafarisayo kuwa wakali kupita wote huenda akashangaa, maana marabi waliolegeza sheria hii ndio warithi wao.

Hukumu ya msingi imo katika Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi wa karibu mwaka 200 B.K., kwenye sehemu iitwayo Yoma. Jengo likiangukia watu siku ya Sabato, kifusi kifukuliwe hata kama hakuna hakika kwamba mtu yumo, kwamba yu hai, au kwamba ni Myahudi. Shaka haicheleweshi kazi; shaka yenyewe ndiyo inayoamuru kazi ianze. Talmudi, inayoifafanua Mishna, inaongeza maelezo ambayo mzimamoto wa leo angeyaelewa mara moja: mchimbaji apime pumzi puani, na akikuta waliolala juu wamekufa asidhani kwamba wa chini nao wamekufa, kwani imewahi kutokea kinyume chake. Talmudi ya Yerusalemu inamlaumu vikali anayepoteza muda kuuliza fatwa wakati mtu anakufa. Katika karne ya 12, mwanasheria Maimonides aliandika kwamba kazi hiyo isiachiwe watoto au watu wasio Wayahudi kama njia ya kukwepa dhambi, bali ifanywe na wakubwa na wenye elimu, ili watu wasije wakaidharau Sabato. Mambo matatu tu hayavunjwi hata kwa ajili ya uhai: ibada ya sanamu, zinaa zilizoharamishwa na kuua. Waislamu wataona ukaribu na kanuni yao ya kwamba dharura huhalalisha yaliyoharamishwa; kwao pia anayeswali hukatiza swala akimwona mtu anazama.

Marabi waliona mapema kwamba mwokoaji ana tatizo la kurudi. Aliyevuka mpaka wa mwendo wa Sabato alipaswa kukaa pale pale hadi usiku. Rabban Gamalieli Mzee aliweka utaratibu kwamba mkunga, na waliokwenda kuokoa watu kwenye moto, mto au kifusi, waruhusiwe kutembea dhiraa 2,000 kila upande. Hofu ilikuwa kwamba aliyenaswa safari hii hatatoka safari ijayo. Hoja hiyo hiyo ilirudi karne ya 20 kwa wahudumu wa kujitolea wa ambulansi huko New York: Rabi Moshe Feinstein aliwaruhusu kurudi nyumbani kwa gari, na Rabi Shlomo Zalman Auerbach wa Yerusalemu alikuwa mgumu zaidi.

Eneo lenye mvutano mkubwa zaidi ni la mwathirika asiye Myahudi. Mishna inataja shaka tu kuhusu asili yake, na wafafanuzi wengi wa kale walisita pale hakika ilipokuwepo. Meiri wa Provence, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 14, aliwahesabu watu wa dini nyingine zenye sheria kuwa sawa na Wayahudi katika jambo hili. Wengine waliruhusu kwa kuogopa uadui, sababu inayoleta matokeo mema lakini isiyopendeza kuisikia. Isser Yehuda Unterman, Rabi Mkuu wa Israel kuanzia 1964, alishikilia kwamba kanuni ya kutafuta njia za amani na watu wote ni kiini cha maadili ya Taurati, si hila ya kujilinda.

Kivitendo mjadala huo umepitwa na wakati. Ubalozi wa Marekani mjini Nairobi ulilipuliwa Ijumaa asubuhi, 7 Agosti 1998, wakauawa watu 213. Kikosi cha jeshi la Israel kililetwa kwa ndege mwishoni mwa juma lile lile kufukua kifusi cha jumba jirani la Ufundi. Baada ya tetemeko la Haiti la 12 Januari 2010, wanachama wa ZAKA, shirika la Israel ambalo wengi wa watu wake ni Waorthodoksi wakali, walichimba Port-au-Prince Sabato nzima. Shirika lilitangaza kwamba wanafunzi 8 walitolewa hai kwenye jengo la chuo kikuu.

Kazi kuu ya ZAKA, hata hivyo, ni kukusanya maiti na viungo vyake kwa mazishi ya heshima, na hapo Mishna haisogei: mtu akikutwa amekufa, aachwe hadi Sabato iishe. Hivyo mchimbaji anapaswa kujua ni lini uokoaji umegeuka kuwa utafutaji wa maiti. Serikali ya Haiti ilitangaza mwisho wa uokoaji kabla Januari haijaisha. Tarehe 27, siku ya 15 tangu tetemeko, msichana alitolewa hai chini ya kifusi.