Kidingapopo na Vita vya Mbu

Leo tutasoma habari ya ugonjwa wenye jina la Kiswahili. Mwalimu wa darasa na aandike neno hili ubaoni, nanyi mlisome pamoja: ki-di-nga-po-po.

Mwaka 1870 maradhi haya yalienea Unguja. Daktari mmoja Mskochi, James Christie, alikuwa akikaa huko, naye akaandika habari zake. Wenyeji walisema kuwa si maradhi mapya. Yalikwisha kufika zamani, mwaka 1823 hivi. Mtu alishikwa ghafula na homa na maumivu makali ya viungo, watu wakaona ni kazi ya pepo. Christie alidhani kwamba jina dengue, litumiwalo na madaktari duniani kote, limetokana na neno hili la pwani yetu. Wataalamu wa baadaye wamesema huenda maradhi yale ya 1870 yalikuwa chikungunya, nalo hilo ni neno la Kimakonde, lililojulikana katika mlipuko wa 1952 kusini ya Tanganyika. Kwa somo letu si neno, maana mbu ni yule yule: mweusi, ana madoa meupe miguuni, na huuma mchana.

Mbu huyu hataki kinamasi. Anataka mtungi wako. Hutaga mayai juu kidogo ya maji, ubavuni mwa pipa, tangi, kopo au tairi kuukuu. Mayai yakikauka hayafi. Hungoja miezi mingi, na maji yakirudi yanaanguliwa. Basi ukimwaga maji bila kusugua chombo, umefanya nusu ya kazi.

Sasa twende ng'ambo. Mwaka 1947 nchi za bara la Amerika zilipatana kummaliza mbu huyu kabisa. Watu wa mshahara walipita nyumba kwa nyumba wakitazama kila chombo na kutia dawa, hasa DDT. Kazi ya mwenye nyumba ilikuwa kufungua mlango, basi. Na kweli walishinda. Brazil ilitangazwa kuwa safi mwaka 1958, na kufikia 1962 nchi 18 za bara lile zilikuwa zimesafika.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Fedha zilipunguzwa, si rahisi kuendelea kumlipa mlinzi wakati mwizi haonekani. Nchi nyingine hazikumaliza kazi yao, hata Marekani, na mbu akavuka tena mipaka. Mwaka 1967 alionekana Brazil. Mwaka 1981 kisiwa cha Cuba kilipata wagonjwa zaidi ya 344,000. Walikufa watu 158, na katika hao 101 walikuwa watoto.

Fikiri, ewe msomaji. Walipoondoka wale wakaguzi, nani katika mtaa alijua kutazama pipa? Kwa maoni yangu jambo hili liliwaumiza watu kuliko upungufu wa dawa.

Kaskazini ya Vietnam walishika njia nyingine katika miaka ya 1990. Vijijini watu waliweka maji katika visima na matangi makubwa ya saruji, na humo mbu walizaliwa kwa wingi. Wataalamu wawili, Vu Sinh Nam wa Vietnam na Brian Kay wa Australia, walitumia mdudu mdogo wa majini aitwaye Mesocyclops. Ni jamaa ya kamba na kaa, lakini mdogo kama chembe ya mchanga. Huwala viluwiluwi wa mbu wangali wachanga. Ukimtia kisimani huzaana mwenyewe, wala hadai mshahara.

Lakini mdudu peke yake asingeweza. Tangi likikaushwa, naye hufa. Tena hafai katika kopo au tairi, ambamo maji hayadumu. Kwa hiyo kila kijiji kilichagua watu wake wa kuzungukia nyumba za jirani, kutazama vyombo na kurudisha wadudu walipokwisha. Walimu waliwafundisha watoto, na watoto wakaokota makopo na chupa, vilivyofaa viliuzwa. Pesa hizo zilikuwa kidogo, lakini nadhani zilisaidia sana. Mtoto haokoti makopo mwaka mzima kwa ajili ya hotuba.

Habari iliyotolewa mwaka 2005 ilionyesha kwamba katika kata 37, zenye watu zaidi ya 300,000, mbu huyu alikuwa ametoweka katika kata 32, wala humo hakukuwa na mgonjwa wa kidingapopo tangu 2002.

Mjini kazi ni ngumu zaidi. Wapangaji huhama, na pipa la uani halina mwenyewe. Dar es Salaam ilipata mlipuko mwaka 2014, na tena 2019.

Kabla ya somo lijalo, zungukeni nyumba zenu mhesabu kila kitu kinachoshika maji, hata kifuniko cha chupa. Andikeni hesabu hiyo daftarini. Kisha jadilianeni darasani: katika mtaa wenu, nani atavitazama tena wiki ijayo, na akisafiri, nani atashika zamu yake?