Somo la Historia: Shamba ni la Nani?

Fungueni madaftari yenu. Leo tutajifunza habari za ardhi.

Zamani njia ya misafara ilitoka pwani mpaka Tabora. Hapo iligawanyika. Moja ilikwenda Ujiji, na nyingine ilielekea kaskazini mpaka Karagwe. Mwaka 1861 Wazungu wawili, Speke na Grant, waliishika njia hiyo ya kaskazini. Nasi tuifuate.

Katika Unyamwezi ardhi ilikuwa tele. Mtu alifyeka pori, akalima mtama. Udongo ukichoka, alifyeka mahali pengine. Mtemi akiwa mkali mno, watu waliweza kumhama. Basi ilikuwa vigumu kumdai mtu kodi ya shamba.

Jirani ya Karagwe, kando ya Ziwa Viktoria, iko nchi ya Buhaya. Huko chakula ni ndizi, na mgomba hauhami. Kibanja kikitiwa samadi huzaa miaka mingi. Baba humwachia mwana. Je, mtu atakiachaje?

Hapo ndipo mkulima aliponaswa. Mfalme, yaani Mukama, aliweza kumpa jamaa yake au mtu aliyempendelea eneo zima, pamoja na watu waliokaa humo. Eneo hilo liliitwa nyarubanja. Wakulima wake wakawa wapangaji. Walitoa ndizi, pombe na kazi. Baadaye walidaiwa hata fedha. Migomba waliipanda wao, lakini shamba likahesabiwa la mwingine.

Shida hii haikuwa ya kwetu tu. Huko Ayalandi, kisiwa kilicho jirani ya Uingereza, wakulima wengi walilipa kodi kwa mabwana wa ardhi. Mwaka 1879 waliunda chama cha kudai haki zao. Sheria ya mwaka 1903 iliwasaidia wengi kununua mashamba yao kwa mkopo wa serikali, wakaulipa kidogo kidogo.

Tanzania ilifuata njia nyingine. Mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja. Mwaka 1968 sheria nyingine ikagusa upangaji wa kimila wa namna nyingine. Mkulima alipata haki ya kulima bila bwana juu yake. Lakini ardhi yenyewe ni mali ya umma. Yeye ana haki ya kuitumia.

Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mwanakijiji aweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila. Hati ina jina na mipaka. Ndugu, usitie dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Isome kwanza, maana shamba laweza kupotea kwa mstari mmoja.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kwa nini mkulima wa mtama aliweza kuhama, na wa migomba hakuweza?

2. Mkulima wa Ayalandi na wa Buhaya walikombolewa kwa njia gani tofauti?

3. Kijijini kwenu, mipaka ya shamba hujulikanaje?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.