Historia ya Kutambua Sumu ya Spiriti ya Mti

Jina la methanoli labeba asili yake. Wanakemia wa Kifaransa Dumas na Péligot, walioichunguza katika miaka ya 1830, waliunga maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya divai na la pili lenye maana ya mti, na katika muungano huo likazaliwa jina hilo. Zamani spiriti hiyo ilipatikana kwa kuunguza mti ndani ya chombo kilichofungwa na kuukusanya mvuke wake. Kwa harufu na kwa ulevi yakaribiana sana na spiriti ya kawaida, na hapo ndipo ilipo hatari yake.

Methanoli yenyewe haidhuru sana. Ini ndilo liigeuzalo, kwanza kuwa fomaldehaidi, kisha kuwa asidi ya fomiki, iliyopewa jina lake kwa neno la Kilatini la sisimizi. Asidi hiyo huitia damu uchungu na kuudhuru mshipa wa fahamu wa jicho. Kazi hiyo yahitaji muda. Kwa hiyo mnywaji huweza kukaa saa 12 hata 24 bila dalili ila za ulevi, na zaidi ya hapo akiwa amechanganya na pombe ya kawaida. Ndiyo sababu aliyenyweshwa sumu hudhaniwa kuwa mlevi tu.

Mafunzo makubwa yalitoka Atlanta, Marekani. Mwezi wa Oktoba 1951, kwa muda wa siku tano, watu 323 walitibiwa baada ya kunywa wiski ya magendo iliyotiwa methanoli, 41 wakafa. Taarifa ya matabibu Bennett, Cary, Mitchell na Cooper, iliyotolewa mwaka 1953, yaonyesha jinsi walivyopambanua wagonjwa: macho yaliyoona kama kwamba yamefunikwa na theluji, maumivu ya tumbo, na upungufu wa bikaboneti katika damu. Kiasi cha kinywaji hakikutosha kuwa kipimo. Mmoja alikufa kwa mililita 15 tu; mwingine alikunywa mililita 500 za namna ile ile akapona.

Kabla ya hapo, Oluf Røe wa Norway alikuwa amekwisha kueleza, katika miaka ya 1940, umuhimu wa kuiondoa asidi kwa dawa za jamii ya magadi, na jinsi pombe ya kawaida iizuiavyo methanoli isigeuzwe. Pombe ikawa dawa ya pombe. Baadaye ikapatikana fomepizoli, iliyoruhusiwa Marekani kwa sumu hii mwaka 2000, na mashine ya kusafisha damu.

Hospitali isiyoweza kuipima methanoli yenyewe hutumia hesabu mbili. Ya kwanza ni pengo la osmolali, yaani tofauti baina ya osmolali iliyopimwa na ile iliyokadiriwa; ya pili ni pengo la anioni, lionyeshalo asidi isiyohesabiwa. Mapema, methanoli ingalimo katika damu, pengo la kwanza ni kubwa na la pili ni dogo. Kadiri methanoli igeukavyo, la kwanza hupungua na la pili huongezeka. Basi tabibu aonaye pengo dogo la osmolali kwa mgonjwa aliyechelewa, akamruhusu kwenda zake, huenda amempeleka kwenye upofu au kaburini.

Afrika ya Mashariki yaijua habari hii. Mwezi wa Novemba 2000, katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kinywaji kilichoitwa kumi kumi, na wengine wakapofuka. Jina hilo lilitokana na bei yake, shilingi kumi. Wanakemia wa Kifaransa walitaja divai na mti. Wanywaji wa Nairobi walitaja bei. Majina yote mawili yalinyamaza juu ya sumu, na kazi ya kuisema ikabaki kwa tabibu, aliye na saa chache tu za kuitambua.