Usukani

Neno limetoka majini. Kwa Kiarabu *sukkan* ni ule ubao wa nyuma ya chombo unaokigeuza. Mabaharia wa pwani wakalichukua, na gari lilipokuja likapewa jina hilo hilo. Mjini Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, matumizi yote mawili bado yako kazini: mvuvi ana usukani wake, dereva wa teksi iendayo Bujumbura ana wake. (Vijana husema *sterengi*. Sina ugomvi nao.)

Usukani wa gari ukitetemeka, wengi husema “unavuta”. Hapo mafundi hupotea. Kuvuta ni gari kwenda upande ukiuachia usukani: angalia upepo wa matairi au alaimenti. Kutetemeka, hasa kuanzia kilomita 80 kwa saa, kwa kawaida ni magurudumu yasiyo na balansi. Ukitetemeka usukani, shuku ya mbele, kikitetemeka kiti, ya nyuma.

Masika, barabara ya kandokando ya ziwa ikijaa matope, chungulia ndani ya rimu kabla ya kulipia chochote. Tope la gramu 50 lililokaukia kwenye rimu ya inchi 15 huvuta, kwa kilomita 100 kwa saa, kama uzito wa kilo 8, na kila sekunde huzunguka takriban mara 15. Punguza mwendo nusu, nguvu hiyo hushuka hadi robo. Ndiyo maana mjini gari linatulia na fundi haoni kitu. Kwangua tope hilo kwa bisibisi. Lisipokuwepo, ndipo udai balansi, vile vipande vya risasi vibanwavyo ukingoni mwa rimu.