Habari za Kidung'ata na Adui Zake

Leo nitawaeleza habari za mdudu mdogo, mwororo, asiyeuma mtu wala mnyama, ambaye kwa mwendo hata konokono angemshinda. Mwili wake umefunikwa na unga mweupe, kana kwamba ameanguka katika pipa la unga wa ngano. Watu wengi humwita kidung'ata. Mara mbili katika karne moja mdudu wa jamaa hii aliwaletea watu wa Afrika hasara kubwa. Mara ya kwanza katika mibuni na mashamba ya chakula ya Kenya, mara ya pili katika mihogo ya karibu nusu ya bara zima. Na mara zote mbili wenye elimu walianza kumtafutia dawa mahali pasipo pake, kwa sababu walimchukua mdudu mmoja kuwa ni mwingine.

Kwanza yafaa tujue jinsi anavyoishi. Kidung'ata ana mdomo mfano wa sindano, nao huudunga katika chipukizi au shina laini na kufyonza maji ya mti. Hunywa kupita haja yake, na yale yanayozidi huyatoa nyuma yakiwa matamu kama asali. Utamu huo ukidondoka juu ya majani huota ukungu mweusi mfano wa masizi, na jani lililofunikwa na masizi halipati jua. Tena utamu huo huwaita sisimizi. Sisimizi huwachunga vidung'ata kama vile mchungaji achungavyo ng'ombe wake: hunywa utamu wao, na adui akija humfukuza. Basi ukiona msafara wa sisimizi ukipanda na kushuka katika mbuni, usidhani wanatembea bure.

Katika mwaka wa 1923 au karibu yake, vidung'ata wengi walionekana katika mashamba ya kahawa upande wa Thika. Hawakukaa hapo. Wakaenea katika wilaya za jirani, na mibuni ikanyauka, buni zikapukutika kabla ya kuiva. Siku hizo kahawa ya Kenya karibu yote ilikuwa mali ya walowezi, maana Waafrika hawakuwa na ruhusa ya kuipanda, hata ruhusa hiyo ilipoanza kutolewa kidogo kidogo katika miaka ya 1930 huko Kisii, Embu na Meru. Kwa hiyo habari nyingi zilizoandikwa zahusu kahawa tu. Lakini mdudu hakuuliza shamba ni la nani. Aliingia katika mbaazi, katika viazi vikuu na viazi vitamu vya Wakikuyu, na mwenye nyumba aliyepoteza mbaazi zake hakuwa na benki ya kumkopesha. Mimi naona hasara hiyo ndiyo iliyokuwa nzito zaidi, ingawa katika vitabu imepewa mistari michache.

Watu walijitahidi kwa njia walizokuwa nazo. Walikata matawi yaliyojaa wadudu. Walizungusha shina la mbuni ukanda wenye gundi nzito ili sisimizi wasipite. Mchungaji akizuiwa, ng'ombe hubaki bila mlinzi, na wadudu wengine wanaowala vidung'ata hupata nafasi. Njia hii ilisaidia, lakini ilitaka mtu mwangalifu. Tawi moja likigusa ardhi, au magugu yakiachwa kurefuka mpaka yakagusa majani, sisimizi huyafanya ngazi yao na ukanda wa gundi hauna faida tena. Palizi haikuwa kazi ya kupendeza macho tu. Ilikuwa sehemu ya vita.

Palikuwa na njia nyingine, ambayo tayari ilikuwa imesifiwa sana duniani. Katika California, nchi ya Marekani, michungwa ilikuwa ikifa kwa sababu ya mdudu mweupe aliyetoka Australia. Katika mwaka wa 1888 bwana mmoja, jina lake Albert Koebele, alitumwa Australia kutazama jinsi mdudu yule alivyoishi kwao. Akaona kwamba huko ni haba, maana analiwa na adui zake. Akapeleka California mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, nao kufikia mwaka wa 1890 walikuwa wameiponya michungwa. Tangu hapo kila mtaalamu wa wadudu alijua kanuni hii: mdudu akiwa msiba mahali fulani, tafuta nchi yake ya asili, kisha mlete adui yake.

Kanuni ni rahisi kuitaja. Taabu ni kuijua hiyo nchi ya asili. Vidung'ata wa aina mbalimbali hufanana sana kwa macho ya kawaida, na tofauti zao ni vitundu na vinyweleo vidogo vya ngozi ambavyo havionekani ila kwa hadubini. Mdudu wa Kenya alidhaniwa kwanza kuwa yule aliyezoeleka katika michungwa na malimau duniani pote. Baadaye akadhaniwa kuwa mwingine, wa nchi za Asia. Basi wakatafutwa adui zake katika Asia, wakaletwa kwa gharama na uangalifu, wakaachwa katika mashamba. Hawakufaa kitu. Wadudu wanaowala wengine mara nyingi huwa wachaguzi wa chakula: aliyezoea kuzaa ndani ya kidung'ata wa aina moja huenda asimguse ndugu yake hata kidogo.

Mtu aliyeutatua mfundo huu ni R. H. Le Pelley, mtaalamu wa wadudu katika idara ya kilimo ya Kenya. Katika mwaka wa 1935 alionyesha katika maandishi kwamba mdudu huyu si wa michungwa wala si wa Asia, bali ni aina ya peke yake, akampa jina la kenyae, maana yake "wa Kenya". Lakini jina hilo nalo lapotosha kidogo. Kumbe nyumbani kwake hasa ni upande wa magharibi, Uganda. Huko alikuwapo, ila ni vigumu kumpata, na uhaba huo ndio uliokuwa dalili. Watu walikuwa wamevuka bahari kutafuta kitu kilichokuwa kwa jirani.

Katika mwaka wa 1938 nyigu wadogo waliletwa kutoka Uganda hata Kenya. Neno nyigu lisikutishe. Hawa si wale wa kuuma. Urefu wao haufiki hata milimita mbili, na mtu aweza kuwa nao juu ya kiganja asijue. Jike hutafuta kidung'ata, humtoboa na kuweka yai ndani yake. Yai huanguliwa, na mtoto wa nyigu hula nyama ya mdudu kutoka ndani. Kidung'ata hukauka na kuwa gamba gumu la rangi ya kahawia. Siku zikitimia, nyigu mpya hukata tundu la mviringo katika gamba lile, hutoka na kuruka kwenda kutafuta wengine. Mkulima akiona magamba ya namna hiyo katika mti wake, kila moja likiwa na tundu, ajue kwamba kazi inafanyika bila yeye.

Katika miaka michache tu vidung'ata walipungua, hata katika sehemu nyingi hawakuhesabiwa tena kuwa msiba. Ilikadiriwa baadaye kwamba gharama yote ya kazi ile haikuzidi pauni 30,000, na faida iliyookolewa mpaka mwaka wa 1959 ilikuwa pauni milioni 10. Hesabu hiyo ni ya kahawa. Mbaazi na viazi havikutiwa katika hesabu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili zilikuja dawa mpya za sumu inayodumu juu ya majani kwa muda mrefu. Watu walizipenda kwa kuwa waliona wadudu wakianguka saa ile ile. Lakini nyigu hufa upesi kuliko kidung'ata aliyejifunika unga wake na kujificha katika kikonyo, kwa hiyo mahali dawa ilipopigwa ovyo, adui aliondolewa na vidung'ata wakapata nafasi ya kuzaana tena.

Miaka hamsini ilipita tangu habari ya Thika. Katika mwaka wa 1973 kidung'ata mwingine alionekana katika mihogo karibu na Kinshasa na Brazzaville, miji miwili inayotazamana kwa ng'ambo za mto Kongo. Mhogo si mmea wa Afrika. Wareno waliuleta kutoka Brazili katika karne ya 16, na kwa miaka mia nne ulikaa huku ukiwa umewaacha nyuma baadhi ya wadudu wa kwao. Sasa mmoja wao alikuwa ameufuata, yumkini ndani ya vipande vya miti ya mbegu vilivyochukuliwa na mtu bila kukaguliwa.

Kilichotokea chafaa kuelezwa polepole. Mdudu huyu hukaa katika kilele cha mhogo na kutia sumu katika ufyonzaji wake. Majani machanga hujikunja, pingili za shina hufupika na kupinda, na kilele chote huwa kama ngumi iliyofumbwa. Wakati wa kiangazi, mvua isipokuwapo ya kuwaosha, huongezeka bila kiasi, tena wote ni majike, kila mmoja huzaa bila dume. Katika Kongo majani ya mhogo ndiyo mboga ya kila siku. Waswahili wa mashariki mwa nchi ile huyaita sombe, nasi huku twasema kisamvu. Kwa hiyo mboga ilikwisha kwanza, mizizi ikafuata, na msimu uliofuata mtu hakupata hata miti safi ya kupanda. Mahali pengine hasara ilifika asilimia 80 ya mazao. Watu wapatao milioni 200 katika Afrika walikuwa wakiutegemea mhogo, na mdudu akasafiri kwa upepo na kwa mikono ya watu, mpaka katikati ya miaka ya 1980 alikuwa ameenea kutoka Senegali hata Msumbiji.

Mwaka wa 1977 bibi mmoja mtaalamu wa Ufaransa, Danièle Matile-Ferrero, alimchunguza mdudu huyu na kumpa jina la manihoti, yaani wa mhogo. Jina safari hii lilikuwa sahihi. Bado ilibaki kumpata kwao. Watafutaji walikwenda sehemu za kaskazini za Amerika ya Kusini, na kweli wakakuta kidung'ata katika mihogo, mweupe, akiharibu vilele vile vile. Wakakusanya adui zake. Lakini adui hao hawakuweza kuzaa ndani ya mdudu wa Afrika. Walipomtazama tena kwa makini waliona kwamba yule wa Amerika ya kaskazini-kusini alikuwa na madume, na wetu hana. Kumbe ni aina nyingine. Huyo akapewa jina la herreni, kwa heshima ya Hans Herren, Mswisi aliyeiongoza kazi hii katika chuo cha utafiti cha Ibadan, Nigeria, tangu 1979. Ni heshima ya ajabu, kuitiwa mdudu aliyekupotezea wakati.

Katika mwaka wa 1981 Anthony Bellotti, mtaalamu aliyekuwa akifanya kazi Kolombia, alimkuta mdudu mwenyewe katika Paragwai, mbali sana upande wa kusini. Alikuwa haba, kama ilivyokuwa Uganda. Na pamoja naye walikuwapo nyigu wadogo, wa jamaa moja na wale wa Le Pelley. Nyigu hao wakapelekwa London kwanza, wakafungiwa na kuchunguzwa ili wasije na maradhi wala kuwa wadhurifu wa kitu kingine, kisha wakapelekwa Ibadan na kuachwa mashambani mwaka ule ule. Waliposhika, wakazalishwa kwa wingi, wakapelekwa nchi baada ya nchi, na mahali pengine walimwagwa kutoka angani kwa ndege. Katika miaka michache mihogo ilichipuka tena katika sehemu kubwa ya Afrika, na mkulima hakudaiwa hata senti moja. Wengi hawakujua kwamba kuna kitu kilicholetwa. Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka wa 1995, naye aliistahili. Walakini, wanafunzi wangu wa ualimu wanaponiuliza ni nani shujaa wa habari hii, huwatajia pia wale waliokaa siku nyingi wakihesabu vinyweleo katika hadubini.

Yako mashamba ambamo nyigu hawakushinda vizuri, nayo ni yale ya mchanga mtupu, yasiyo na mbolea wala matandazo. Sababu yake ni hii. Mhogo wenye njaa hulisha vidung'ata wadogo wadogo, na jike la nyigu akikuta mdudu mdogo hutia humo yai la dume. Mayai ya majike huyaweka katika wadudu wakubwa. Basi katika udongo maskini huzaliwa nyigu madume wengi wasiotaga, na kazi hulegea. Ambapo wakulima walitandaza majani na kutia mbolea, mhogo ulinawiri, vidung'ata wakawa wakubwa, nyigu majike wakaongezeka, na vidung'ata wakapungua.

Katika mwaka wa 2008 kidung'ata yule yule wa mhogo alitokea Tailandi, akaanza kuharibu mashamba kama alivyofanya Kongo. Safari hii hakuna aliyepoteza miaka kwa kutafuta. Mwaka wa 2009 wataalamu wa huko walipewa nyigu kutoka kituo cha utafiti cha Benin, Afrika ya Magharibi, wakawazalisha, na mwaka wa 2010 wakaanza kuwaachia katika mashamba ya mihogo kaskazini-mashariki ya nchi yao.