Sindano Iliyoponya na Kudhuru

Tangu enzi za Mafirauni watu wa bonde la Mto Nile wamesumbuliwa na kichocho. Mwaka 1910 ilitangazwa kuwa mayai ya mdudu wa maradhi hayo yameonekana ndani ya maiti zilizokaushwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Mdudu huyo hukua katika konokono wa majini, kisha hupenya ngozi ya mtu aingiaye mferejini kulima, kufua au kuoga. Kwa mkulima wa Misri, ambaye riziki yake hutoka majini, kuyaepuka maji ni kuiepuka riziki.

Katika karne ya 20 serikali ya Misri iliazimia kuliondoa balaa hili. Dawa iliyojulikana wakati ule ilitokana na madini ya antimoni, nayo ilitiwa katika mshipa wa damu kwa sindano, mara kumi au zaidi kwa mgonjwa mmoja. Tangu miaka ya 1950 hadi mwanzo wa miaka ya 1980 wanakijiji, wakubwa kwa wadogo, walijipanga safu kuingoja. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, nayo hayakutosha wingi wa watu. Bomba lililotoka katika mkono wa huyu liliingia katika mkono wa yule, mara nyingi bila ya kuchemshwa ipasavyo. Kichocho kilitibiwa, lakini katika matone ya damu yasiyoonekana kwa macho maradhi mengine yalihama kutoka mwili hadi mwili.

Maradhi hayo ni homa ya ini ya aina ya C. Kirusi chake hupita katika damu. Hakienezwi kwa kupeana mikono, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kukohoa. Kikisha kuingia mwilini huweza kukaa miaka 20 au zaidi bila ya kumwumiza mwenyewe, huku ini likijaa makovu kidogo kidogo, na mwisho wake huweza kuwa saratani. Ndiyo sababu madhara ya sindano zile hayakuonekana upesi. Hata jina kirusi hiki hakikuwa nalo, kwa maana kiligunduliwa mwaka 1989. Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kazi yao juu yake.

Je, tuwalaumu waliotia sindano? Nia yao ilikuwa njema, na kirusi hawakukijua. Hata hivyo, ilikuwa imekwisha julikana kuwa chombo kichafu huhamisha maradhi. Haraka ya kuwahudumia wengi ilishinda uangalifu anaostahili kila mmoja, na gharama yake ilikuwa kubwa. Uchunguzi wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa karibu watu 15 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 59 walikuwa na alama za kirusi hiki katika damu yao.

Misri haikuketi kulia. Mwaka 2013 vidonge vipya viliidhinishwa Marekani, navyo, pamoja na vingine vilivyofuata, huponya zaidi ya wagonjwa 95 katika 100 kwa muda wa miezi mitatu hivi. Bei yake huko ilikuwa dola 84,000 kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 2014 serikali ya Misri ilipatana na watengenezaji kuvipata kwa dola 900, na baadaye viwanda vya nchini vikavitengeneza kwa bei ndogo zaidi. Kuanzia Oktoba 2018, katika muda wa miezi saba, watu karibu milioni 50 walipimwa damu, na walioonekana wagonjwa walitibiwa bure. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua Misri kuwa nchi ya kwanza kufikia daraja ya dhahabu katika safari ya kuyatokomeza maradhi haya.

Chanjo ya homa hii haijapatikana. Kwa hiyo kinga yake imo katika mambo madogo: sindano mpya kwa kila mgonjwa, damu iliyopimwa kabla ya kuongezwa mtu, na wembe usioazimwa. Kijana atakayekuwa tabibu au mwuguzi kesho na akumbuke safu zile za Misri. Mtu wa mwisho katika safu ana haki ya chombo safi sawasawa na wa kwanza.